Siku Hizi Mwivi Hupiga Hodi

Nyumba ninayokaa Mkomani, Lamu, si yangu peke yangu. Ni ya urithi, na tukihesabiana warithi tunafika kumi na wanane, wanne kati yao wakiwa Maskati ambako nadhani hakuuzwi chokaa, maana hawajawahi kuchangia hata ndoo moja. Lakini kwa upande wa ulinzi, nyumba hii sina la kuilaumu. Mzee aliyeijenga alikuwa mtu wa kushuku watu, Mungu amrehemu. Nje kaweka daka lenye viti vya mawe pande mbili, mgeni akija aketi hapo kwanza. Ukivuka mlango unaingia tekani, nako kuna kona, ili hata mlango ukiachwa wazi mpita njia asione kitu ila ukuta. Kona ile hakuiweka kwa kukosea kipimo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene za kumchosha mwenye tindo. Madirisha ya kutazama kichochoroni ni haba. Juu kuna wikio la kuvukia hadi nyumba ya pili, ili kina mama watembeleane bila kuonwa na mtu. Na mlango wa nje una komeo, una pingo, na una mimi.

Basi nyumba hiyo, iliyojengwa ili jirani asijue hata mmepika nini, ndani yake leo mna kompyuta moja inayojua mambo yetu yote na haimnyimi mtu habari.

Niliinunua Mombasa mwaka niliostaafu ualimu. Ni ya mtumba. Muuzaji aliapa kwamba imetoka Uingereza, ofisini kwa wakili, kana kwamba kukaa na wakili kunaongeza adabu. Ilipanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, ikateremshwa gatini, na kuanzia hapo ikabebwa na punda, kwa sababu hamali mwenye mkokoteni alitaka shilingi 300 na punda wa jirani hataki kitu ila asiharakishwe. Ilifika salama salimini. Taabu zake zilianza ilipoingia ndani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitilia waifai. La pili, kumwambia mtu. Mji wetu magari ni ya kuhesabu, lakini habari hazijawahi kukosa usafiri. Ilipofika tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, daka langu lilikuwa na watu tisa, kila mmoja na kitambulisho mkononi na namba ya PIN ya KRA imeandikwa kwenye kiganja. Watu hawana kazi, hawana duka, hawana hata mashua inayovuja, lakini lazima waiambie serikali kwamba hawana. Nikawa saiba. Tofauti ni kwamba saiba za watu hutoza, mimi natoa na kahawa. Baada ya wale wa kodi wakaja wa basari, wa bima ya afya ya SHA, wa pasipoti ya kwendea umra. Na kila mmoja alipomaliza kuandika nywila yake, kompyuta ilimuuliza kwa upole: nikuhifadhie? Na kwa kuwa kaulizwa kwa upole, kila mmoja alijibu ndiyo.

Mwaka wa tatu wa ukarimu huo akaja mtoto wa kakangu kula Idi. Anasoma mambo ya kompyuta huko Mombasa. Nilimtarajia ale, alale, aombe nauli, kama wanafunzi wengine. Yeye akaketi mbele ya mashine, akakaa kimya robo saa, kisha akanigeukia kwa uso wa daktari aliyekwisha kuiona picha ya kifua.

“Ami,” akasema, “humu mna nywila sitini na tatu.”

“Mimi nina moja tu.”

“Hilo nalo ni tatizo jingine.”

Akanionyesha. Zilikuwa zimepangwa kwa mstari kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Ya muuza halua, ya fundi cherehani, ya bibi mmoja ambaye nilidhani hajui hata kuwasha simu. Yeyote atakayekikalia kile kiti angeweza kuwa nusu ya Mkomani kabla ya adhuhuri. Kisha akanisomea sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inasema anayeingia bila ruhusa katika kompyuta ya mtu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mimi sijaingia kwa mtu, lakini mjukuu wangu wa miaka saba hubonyeza chochote kinachowaka. Milioni 5 mara sitini na mbili. Nilianza kupiga hesabu nikaacha. Hata nyumba ikiuzwa, na wale wa Maskati wakikubali kutia sahihi, haifiki.

Tukafika kwenye ile moja yangu. Nywila yangu ilikuwa Lamu2001, na nilijiona mjanja. Mwaka 2001 ndio UNESCO ilipouingiza mji wetu wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia, nami nilidhani, ukiniondoa mimi niliyefundisha historia, nani mwingine aikumbuke tarehe hiyo? Kijana akaomba aikisie, nikamwambia jaribu uone. Akaipata mara ya pili. Mara ya kwanza alijaribu punda123, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akagundua kwamba Lamu2001 ndiyo ya barua pepe, ndiyo ya benki, ndiyo ya pensheni na ndiyo ya kuwashia mashine yenyewe. “Ami, ufunguo wa mlango wa nje ndio huohuo wa kasha la dhahabu?” Nikamwambia dhahabu sina. “Na pensheni je?” Nikanyamaza.

Lakini hapa lazima nijitetee, maana nimeonewa. Miaka mingi mtandao wa ofisi moja, sitaitaja, ulinilazimisha kila baada ya siku 90 nibadilishe nywila, na iwe na herufi kubwa, tarakimu, na alama moja ya ajabu yenye umbo la mende aliyekanyagwa. Mtu afanyeje? Lamu2001 ikawa Lamu2001!, ikawa Lamu2002!, ikawa Lamu2003!, hadi mji ukawa unaingia UNESCO kila robo mwaka. Kumbe aliyetutia katika adhabu hii ana jina. Anaitwa Bill Burr, aliyekuwa mfanyakazi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2003 aliandika mwongozo wa nywila wenye mambo hayo, na dunia nzima ikaufuata kama adhana. Mwaka 2017, keshastaafu, ana miaka 72, akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyafanya anayajutia. Mwaka huohuo taasisi yake ikatoa mwongozo mpya: nywila iwe ndefu, hayo mapambo yana faida ndogo, na mtu asisumbuliwe kuibadilisha ila kukiwa na dalili kwamba imevuja. Miaka kumi na minne imepita! Mimi mtoto wa darasa la tatu akikosea hesabu nilimsahihisha siku ileile.

Tukakubaliana basi nywila iwe maneno manne yasiyojuana, yaliyookotwa ovyo. Mke wangu akapendekeza maneno ya dua. Kijana akakataa, akasema wezi nao husali. Nikapendekeza methali. Akasema wezi nao wana bibi zao. Mwishowe tukayapata manne ambayo hayajawahi kukutana kwenye sentensi moja tangu Kiswahili kianze. Siwezi kuyataja, moja ni samaki, na hapo nimeshasema mengi. Nilidhani nikiyaandika karatasini atafoka, lakini akasema kwa nyumbani karatasi iliyofungiwa kashani si mbaya, kwa kuwa mwivi aliye ng'ambo hana mkono wa kufika kwenye kasha la Mkomani. Mbaya ni kuibandika juu ya skrini. Nikaenda polepole nikaibandua.

Waifai nayo. Nywila yake ilikuwa ileile iliyoandikwa chini ya ruta siku ya kwanza, nami nilikwisha kumpa jirani, jirani kampa shemeji yake, na shemeji yake ana roho nzuri. Kijana akaibadilisha jioni hiyo. Hili limeniachia jeraha. Kwa miaka mitatu vijana saba, wanane hivi walikuwa wakija kuketi dakani kwangu kila baada ya isha, wametulia, wameinamisha vichwa, nami nikiwasimulia habari za vita vya Shela na jinsi ngome yetu ilivyojengwa. Nilimwambia mke wangu kizazi hiki kinasingiziwa, kinapenda historia. Tangu nywila ibadilishwe hajaja hata mmoja.

Kisha apdeti. Kila jioni kompyuta iliniuliza kama ijizime na kujiwasha ili ijisasishe, na kila jioni nilibonyeza “baadaye”. Nilikuwa na sababu zangu: umeme wetu una tabia ya kuondoka bila kuaga, na mimi sitaki kitu kiondokewe katikati ya kujitengeneza. Kijana akaniuliza kama namkumbuka WannaCry. Nikamjibu mwanafunzi wa jina hilo sikupata kuwa naye. Kumbe ni kirusi kilichozuka tarehe 12 Mei 2017 kikaenea nchi zipatazo 150. Kinayafunga mafaili yako yote kisha kinakuletea bili: lipa dola 300 kwa bitcoin, la sivyo yasahau. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na hapa ndipo kijana akapandisha sauti, kama hatibu aliyefika penyewe: Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuliziba tundu lile tangu Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizonaswa ni zile ambazo hazikuwa zimezibwa.

Sikumwambia, lakini alinigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Matondoni, fundi wa majahazi, nami utotoni nilikaa miguuni pake akitia kalafati, anaisindika pamba yenye mafuta kati ya mbao kwa nyundo na patasi, tundu kwa tundu, hata pale ambapo mimi sikuona tundu. Chombo kikirudi safari hupandishwa mchangani kikatiwa tena. Sikuwahi kusikia nahodha akimwambia “baadaye”. Sasa nasasisha kila Ijumaa baada ya swala, umeme ukiwepo, na nasubiri dakika arubaini nikilitazama duara linazunguka. Ni ibada ya aina yake.

Lililozua ugomvi mtaani lilikuwa jingine. Kijana alizifuta zile nywila sitini na mbili, akaifanya kompyuta iwe na akaunti mbili: moja yangu, nyingine ya wageni, ambayo mtu anaweza kufanya shida zake lakini hawezi kuweka programu wala kuona mafaili yangu, na akitoka haibaki alama yake. Siku ya pili akaja jirani, ana haja ya leseni ya biashara. Nikamwonyesha palipoandikwa “Wageni”. Akasimama. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka hamsini na tatu.

“Mwalimu,” akasema, “yeo mimi ni mgeni?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza kuhusu wezi, kuhusu virusi, kuhusu milioni 5. Akazidi kununa, sasa amekuwa mgeni na mwivi pia. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisikia yote. “Kwani wewe ukiya hapa kila siku,” akamuuliza jirani, “huingia moya kwa moya hadi ndani ninakolala?” Jirani akasema astaghfirullahi. “Hukaa wapi?” Akasema dakani, au tekani. “Basi hiyo ndiyo tekani ya kompyuta.” Jirani akaketi, akafanya leseni yake, akanywa kahawa mbili. Mimi nilifundisha miaka thelathini na sita na sijapata kueleza jambo kwa ufupi namna ile. Niliudhika siku nzima.

Amri ya mwisho ya kijana ilikuwa kwamba hapana flashi ya mtu yeyote kuchomekwa kabla ya kukaguliwa, na kwamba picha na nyaraka zangu zote ziwe na nakala kwenye diski ya pembeni ambayo haikai imechomekwa. Akainakili Jumamosi. Jumapili usiku akataka kutazama filamu, akachomeka flashi yake mwenyewe, iliyokuwa imezunguka mabweni yote ya chuo. Asubuhi mafolda yangu yote yamegeuka vishale vidogo vya njia ya mkato. Ukibonyeza hakuna kitu. Picha za harusi za binti zangu watatu, hati za nyumba, barua niliyokuwa nawaandikia wa Maskati tangu 2019, hakuna. Niliufurahia msiba wangu, nakiri. Nilimwita waziri wa usalama mbele ya watu, nikamwomba ahutubie. Hakuhutubia. Aliichomoa flashi yake, akakisafisha kirusi mpaka magharibi, kisha akaichomeka ile diski ya pembeni na kila kitu kikarudi mahali pake, hadi ile barua.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalifundisha bila kulielewa. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa huku kwetu yapata mwaka 1858, katika nchi ya mchwa na unyevu wa bahari ambako karatasi ina umri wa kuku. Umetufikia kwa sababu watu walikaa wakaunakili kwa mkono, huyu kwa bintiye, yule kwa mpwawe, nakala ikaenda nyumba hii, nyingine nyumba ile. Ungekaa kwenye kasha moja tu, leo tungekuwa tunasimuliana kwamba palikuwa na mwanamke mmoja aliyetunga kitu kizuri. Diski yangu sasa inakaa kwa dada yangu Langoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na punje za mchele za kunyonya unyevu. Dada anadhani ni ganga.

Nilikuwa bado nina hoja moja ya kumkomesha. Julai 2023, nikamkumbusha, eCitizen yenyewe ilishambuliwa. Haikuwa imepita hata mwezi tangu Rais azindue maelfu ya huduma za serikali kupitia mlango huo mmoja. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza, na watu wakakwama kwa viza, kwa pasipoti, kwa tiketi za treni ya SGR. Kama serikali nzima na mawaziri wake haikuweza, mimi na maneno yangu manne tutaweza nini? Akanijibu kwamba shambulio lile halikuvunja mlango. Ni mfano wa watu elfu kumi wamesimama kichochoroni wote wanapiga hodi kwa pamoja, mwenye haja ya kweli hapiti. Waziri aliyehusika alisema hakuna data iliyopotea. “Wewe, ami, hakuna atakayekuletea elfu kumi. Wewe atakuletea mmoja, na atapiga hodi vizuri.”

Mdomo wa mtoto huyu una nuksi.

Alisafiri Jumatano. Alhamisi asubuhi nimeketi na mkate wa mofa na chai, simu ikalia. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa ami yangu wa Faza, mtu wa miaka themanini. Salamu aleikum, samahani kwa usumbufu, nimekutumia kwa makosa namba sita, tafadhali nirudishie haraka. Nikatazama, kweli, namba sita zimeingia kwa meseji. Sasa mimi nimelelewa katika nyumba ambayo ukiokota shilingi ya mtu unaizungusha mitaa mitatu kumtafuta mwenyewe. Namba hizi si zangu, ni amana. Nikazirudisha kabla chai haijapoa, nikajisikia mtu mwema.

Dakika moja baadaye WhatsApp ikanitoa nje.

Namna inavyokwenda, ili nawe usije ukawa mtu mwema: mwivi huiandikisha namba yako kwenye simu yake. Kampuni, ili ihakikishe ni wewe, inakutumia wewe zile tarakimu sita. Mwenye tarakimu ndiye mwenye akaunti. Ami yangu maskini alikuwa ameibiwa hivyohivyo saa moja kabla yangu. Na ningekuwa na akili ningejua tangu “samahani kwa usumbufu”. Yule mzee hajapata kuniomba kitu maishani mwake kabla ya kuuliza mvua, samaki, afya ya kila mtoto kwa jina na ya punda. Salamu zake pekee huchukua robo saa. Huyu kaingia na haja yake mkononi. Mababu zetu waliokuwa wakikaa dakani wangemtambua kabla hajavua viatu.

Nikahangaika kuirudisha. Nikaomba tarakimu mpya, zikaja, nikaingiza, mwivi akatolewa. Lakini alikuwa amekwisha kuweka pini yake ya pili, ile ambayo kijana aliniambia niiweke nami nikajibu unajua nini. Bila pini hiyo unangoja siku saba. Yeye nje, mimi nje, nyumba imefungwa. Siku saba, kama fungate, ila niliila peke yangu.

Kwenye ile nusu saa aliyokuwa mimi, alifanya kazi. Aliandika kwenye kundi la ukoo, watu arubaini na mmoja, kwamba nimelazwa hospitali Malindi, nahitaji shilingi 3,500 za haraka, zitumwe kwa namba hii maana laini yangu ina hitilafu, nitarudisha kesho jioni. Mke wangu alinisomea kwenye simu yake, na akanisomea na majibu.

Naomba msomaji anisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya safu nzima. Watu arubaini na mmoja. Damu yangu. Shemeji yangu akaweka picha ya mikono inayoomba. Binamu akaandika Mungu akufanyie wepesi. Mwingine akauliza kama nimeshaupata ule ufunguo wa birika. Mmoja akanikumbusha elfu mbili zake za tangu Maulidi. Na mdogo wangu wa mwisho, ambaye nilimlipia karo kidato cha kwanza hadi cha nne, alikuwa ameniona kwa macho yake nimeketi mlangoni na mofa. Akapita, akanipungia mkono, akaenda zake bila hata kuandika kundini kwamba mgonjwa anakunywa chai. Hakuna aliyetuma hata shilingi hamsini. Mwivi kafanya kazi kwa jina langu na karibu afe njaa.

“Nyote mlijua ni tapeli?” nikamuuliza mke wangu.

“Wengine sijui,” akasema. “Mimi nilijua nilipoona ‘nitarudisha kesho jioni’. Weye hujapata kutaja siku.”

Nilidhani yamekwisha hapo. Siku ya tatu akaja mama mkwe, na fimbo yake, kutoka Shela. Mama mkwe na mimi tumekuwa tukisalimiana kwa adabu na kwa mbali tangu mwaka nilioposa. Akaniuliza nimetoka lini hospitali. Yeye alituma. Shilingi 500, kwa M-Pesa, akasaidiwa na mjukuu. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha halikuwa langu wala la mtu yeyote wa pwani hii, akadhani ni la daktari. Tungejua papo hapo tungeupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456, labda zingezuiwa. Kwa siku ya tatu mwivi alikwisha kuzitoa na kuzila.

Nimejaribu kumrudishia mara mbili. Mara zote mbili amezikataa, anasema niziache, ziwe deni. Pini ya pili nimeiweka, ya ami wa Faza nimemwekea, ya mke wangu amejiwekea mwenyewe na hataki kunitajia. Na kila Ijumaa mama mkwe akija kula pilau, huniuliza mbele ya watu kama zile dawa za Malindi zimenifaa.